Nukta ya Mkunga

Mkunga alikuwa na mikono ya baridi. Mwanamke yeyote wa Msamala, hapa Songea, aliyezaa enzi zetu atakuambia hilo kabla hajasema jingine. Umelala pale unatokwa na jasho, nyumba inazunguka, halafu mikono ile inakugusa tumboni kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Kwa nusu ya pumzi unasahau uchungu. Siku moja nilimwuliza kwa nini haipashi moto kwanza. Akasema, "Nikiipasha utasinzia. Nakutaka macho."

Jina lake lilisomwa msibani, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ukoo wake na shule za misheni alizopitia. Alisoma kijana mmoja mwenye tai, na alisoma vizuri, lakini mimi nilikaa kwenye mkeka nikajiuliza wanamzika nani. Hayo sirudii. Nitasema ninayoyajua, na ninayajua mengi, kwa sababu nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa michongoma tu, na kwa sababu watoto wangu wote walitua kwenye mikono ile kabla hawajafika kwangu. Na wajukuu pia. Mjukuu wangu wa kwanza leo ni mwalimu wa sekondari, ana sauti ya kufukuza ngedere shambani. Mkunga alikuwa bado amemshika miguu, kichwa chini, akasema, "Huyu ataamrisha watu." Nikamwambia nikiwa nimekaa pembeni ya binti yangu, kwamba sauti hiyo ni ya kwangu mimi, asimpe sifa baba yake.

Hakuwa mtu wa kupendeza. Wanaosema alikuwa mpole walimjua akiwa kwenye jeneza. Ukipiga kelele alikuambia, "Kelele za nini? Siku ile ulipokuwa unacheka uliniita?" Mama mkwe wako akianza kutoa mashauri, Mkunga alimkabidhi ndoo na kumtuma maji, hata kama maji yalikuwepo. Baba wa mtoto akichungulia dirishani alifungiwa dirisha vidoleni. Lakini mtoto akishatoka na kulia, mwanamke huyo huyo alipiga magoti kwenye sakafu na kukuosha miguu. Si sehemu nyingine tu, miguu. Alikuwa anapitisha kidole katikati ya vidole vyako taratibu, haongei, kama anaosha miguu ya mtu aliyetoka safari ya mbali. Ukimshukuru alikasirika. "Nishukuru kwa kumnyonyesha," anasema, anachukua mfuko wake, anaondoka.

Kulikuwa na neno moja ambalo kila aliyepita kwake analo kichwani mpaka leo. Linakuja pale mwisho mwisho, unapokuwa umechoka na unataka kumaliza kwa nguvu hata kama muda bado. Anakushika kifundo cha mkono na kuinamisha uso wake karibu na wako. "Usisukume," anasema. "Tulia. Atakuja mwenyewe." Sauti yenyewe si ya kubembeleza. Ni kama mtu anayekupa habari.

Mikononi hakuvaa kitu. Pete yake ya ndoa ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi, na ilikuwa hivyo tangu mumewe akiwa hai. Saa hakuvaa, bangili hakuvaa, hata kucha alizikata mpaka kwenye nyama. Alisema chuma chochote mkononi kinamkwaruza mtoto, na ngozi ya mtoto aliyefika sasa hivi ni kama utando wa juu ya maziwa. Alipostaafu na kuacha kabisa kuzalisha, pete ikabaki palepale kwenye uzi. Nikamwambia, "Dada, sasa vaa. Unamkwaruza nani tena?" Akaangalia mkono wake mtupu kama anauona mara ya kwanza. "Mkono umeshazoea," akasema.

Halafu kulikuwa na ule uwezo wake wa nyumba. Alikuwa akiingia mahali penye uzazi, anasimama mlangoni mwa chumba na kufumba macho. Hasalimii mtu. Anasikiliza, ananusa, sijui anafanya nini, kisha anaanza kutoa watu. Nilikuwepo siku alipozaa yule mama wa Kiyao aliyehamia kutoka Tunduru, anayeuza korosho pale njia panda. Ndugu zake walikuwa wamejaa wanasoma dua. Mkunga akafumba macho mlangoni. "Ombeni, ni vizuri, lakini ombeeni uani," akasema. Wakatoka. Akabaki amefumba macho. "Bado kuna mtu nyuma ya pazia. Anapumua kwa mdomo. Atoke." Akatoka baba mkwe, mzee mzima, kofia mkononi, hakuna aliyejua aliingia saa ngapi. Yule mama aliyekuwa kwenye uchungu akacheka mpaka mtoto akateremka. Kila msimu wa korosho tangu siku hiyo walimletea Mkunga mfuko, naye kila msimu alisema hapendi korosho, na kila msimu mfuko uliisha.

Alikuwa hivyo, mambo yake hayakai pamoja. Mtu aliyeona damu kuliko mwenye bucha hakuweza kuchinja kuku. Akitaka kula kuku alikuwa anakuja kwenye michongoma na kumwinua juu kwa mabawa, kuku anapiga kelele, yeye yuko kimya. Hasemi "jirani, njoo unichinjie." Anasimama pale amemwinua mpaka nimwone. Kama nimechelewa, mkono unatetemeka lakini haushuki. Mwanzoni nilidhani ni kiburi. Nikamwuliza, "Huna mdomo?" Akanijibu bila kukasirika, "Mama Oswini, mimi nimeitwa maisha yangu yote. Mchana, alfajiri, wakati wa mvua, naitwa naenda. Kumwita mtu sijui kunaanzia wapi."

Kwa hiyo nilijifunza kuangalia juu ya michongoma.

Alizaa mtoto mmoja tu, yeye aliyepokea wa watu wasiohesabika. Deo. Nilimlea nusu, kwa sababu mama yake hakushinda nyumbani, na mgongo wangu unamkumbuka vizuri. Deo alisoma, akaenda Dar es Salaam, akaajiriwa huko kufunga mitambo ya intaneti kwenye majengo makubwa. Ana mke, ana watoto, ana nyumba yenye chumba ambacho alikiita chumba cha mama. Tangu baba yake afariki alimsihi Mkunga aende akakae kwenye chumba hicho. Mkunga alikwenda mara moja, akakaa kidogo, akarudi na miguu imevimba kwa joto. Akaniambia, "Kule hakuna anayebisha hodi. Watu wanapigiana simu wakiwa mlangoni." Kisha akaniambia lile lililokuwa moyoni. "Nikifia kule watanizika kati ya nani na nani? Mimi mahali pangu napajua. Pembeni ya yule mzee, kule juu, penye ile miti ya misindano. Nataka nitoke kwa mlango wangu niende pale, basi."

Hilo ndilo alilotaka. Hakutaka kingine.

Deo naye alikuwa na haki. Mama yake alianguka jikoni mwaka ule wa mvua nyingi, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka nilipokwenda kuomba chumvi. Wasichana wa kazi aliowaleta Deo walifukuzwa wote, mmoja hakumaliza hata chai. Simu aliiweka kwenye kopo la unga ili isimsumbue. Deo akaleta saa ya plastiki ya kuvaa mkononi. Ukiivaa, yeye aliyeko Dar anajua uko wapi, umeanguka au umesimama, moyo unakwendaje. Mkunga akaipokea, akasema asante mwanangu. Deo alipopanda basi tu, akaifunga kwenye shingo ya mbuzi wangu.

Siku ya pili simu ikalia ndani ya kopo. Nilikuwepo, nikaitoa na unga wake.

"Mama, mbona uko bondeni kule mtoni?" Deo anauliza. "Na mbona umekimbia hivyo? Moyo unakwenda mbio."

"Nilikuwa nakula majani," Mkunga akamwambia.

Tulicheka wawili sisi mpaka nikakaa chini. Deo hakucheka. Alikuja, likizo yake yote ikaishia hapo, na safari hii hakuleta kitu cha kuvaa. Alileta viboksi vidogo vyeupe, akavibandika kutani, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja kwenye korido, kimoja chumbani. Na kile kisanduku cha intaneti chenye taa, na betri ya kukilinda umeme ukikatika. Mkunga akakaa kwenye kiti chake amekunja mikono, anamtazama kama anavyomtazama mama mkwe wa mtu.

"Hivi havinishiki?" akauliza.

"Havikushiki, mama. Huvai kitu, hubebi kitu. Wewe ishi tu."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini alivyonieleza Deo nilielewa, na nitaeleza alivyoeleza. Alisema fikiria jikoni kwetu tukipika kwa kuni. Moshi umejaa chumba kizima umetulia. Mtu akipita katikati, moshi unapinda. Hata kama humwoni mtu, ukiutazama moshi unajua amepita wapi na amesimama wapi. Basi intaneti isiyo na waya imejaa ndani ya nyumba hivyo hivyo, ila haionekani na haichomi macho. Mwili wa mtu unaipinda. Viboksi vinaona ilivyopinda. Akatuonyesha kwenye simu yake: mchoro wa nyumba, vyumba vyote, na nukta ya kijani. "Mama, simama uende jikoni." Mkunga akaenda, nukta ikaenda. Akarudi, ikarudi. Akasimama ghafla katikati ya korido ili aikamate, nayo ikasimama.

"Inaonyesha sura?" akauliza.

"Hapana, haina kamera."

"Nikioga?"

"Inajua uko upande ule tu."

"Basi ina adabu kuliko mawifi zangu." Akafikiri. "Kazi yangu ile ya kusimama mlangoni, sasa inafanywa na bati hili."

Deo akamweleza na udhaifu wake, kwa kuwa ni mtoto mkweli. Mtambo huu unajua kuna mtu, haujui ni nani. Wakiwa watu wengi unababaika, nukta inarukaruka. Na mtu akitulia kabisa, asijigeuze, unamsahau, unaona nyumba tupu. Ndiyo maana aliuweka hivi: tangu saa tatu asubuhi mpaka jua kuwa utosini, nukta isipotembea, simu yake itampigia kelele. Halafu akachuchumaa mbele ya mama yake, akaweka mikono kwenye magoti yake.

"Mama, sasa tuelewane. Nukta ikitembea, wewe kaa hapa hapa nyumbani kwako, sitakusumbua. Siku ikiacha kutembea nakuja kukuchukua, na siku hiyo sitakuuliza."

"Na nikiwa nimechelewa kuamka?"

"Usichelewe."

Mkunga akanyoosha mkono wa baridi akamgusa kichwani. "Umekuwa mgumu," akasema, na nikasikia kwamba amefurahi.

Kwa muda tuliishi na nukta vizuri. Isipokuwa ile Oktoba, mwezi wa rozari, zamu ya jumuiya yetu ilipofika nyumbani kwake. Sisi Wakatoliki tunajua rozari ya nyumbani inakuwaje. Tulitoa viti nje, tukatandika mikeka, tukajaa akina mama mpaka koridoni, watoto wanatambaa, mwingine anaingia na chupa ya chai, mwingine anatafuta kiberiti. Huko Dar simu ya Deo ikaona mambo. Nukta iko sebuleni, iko jikoni, iko ukutani, inaruka kama panzi. Akapiga simu, iko kwenye kopo. Akampigia mwenyekiti wa mtaa: kwa mama yangu wameingia watu. Mwenyekiti akaja mbio na wanaume wawili na marungu, wakasukuma mlango tukiwa kwenye tendo la tatu la rozari. Hakuna aliyepiga kelele. Mkunga yuko mbele amepiga magoti, hakugeuka hata. "Mlio nyuma," akasema, "pigeni magoti au tokeni, upepo unaingia." Wakapiga magoti. Mwenyekiti ni Mwislamu, akakaa pembeni kwa heshima na rungu lake mapajani mpaka tulipomaliza, akanywa chai vikombe vitatu, akasema hajawahi kukamata wezi wenye sauti nzuri hivyo.

Baada ya hapo ndipo miguu ilipoanza. Kwanza ilivimba jioni na kupungua asubuhi. Baadaye ikawa haipungui. Alipumua kama mtu aliyepanda mlima, naye amekaa. Tulikwenda Peramiho hospitalini, wakampa dawa za moyo na kumweleza ukweli, maana aliwaambia yeye si mgonjwa wa kudanganywa, ni mwenzao. Tuliporudi alikaa kwenye kitanda, akatazama kile kiboksi cha ukutani.

"Kesho sitaweza kufika jikoni," akasema.

Nikamfunika miguu. Sikutaka aniombe, kwa sababu nilijua hawezi. Asubuhi niliamka, nikafagia uwanja wangu, nikapita kwenye michongoma, nikaingia kwake na kuanza kutembea. Kutoka chumbani mpaka koridoni. Koridoni mpaka jikoni. Yeye amelala tuli, hajitingishi, macho tu yananifuata.

"Unakwenda mbio," akaniambia kutoka kitandani. "Mimi ni mzee."

"Na mimi ni mzee."

"Mimi ni mzee zaidi. Tena tembea kama mimi."

"Wewe unatembeaje?"

Akafikiri. "Kama mtu anayekwenda kumfukuza mtu."

Basi nikatembea kama mtu anayekwenda kumfukuza mtu. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni kadiri chai inavyochemka, nikasimama dirishani anaposimama akiangalia nani anapita barabarani, nikaenda sebuleni, nikarudi. Mbele ya picha ya mumewe aliniambia nisimame kidogo. "Pale mimi huwa nasimama." Sikujua hilo. Miaka yote ile ya michongoma, sikujua kwamba kila asubuhi anasimama mbele ya yule mzee. Nilisimama. Yule mzee akanitazama kwa mashaka, kama alivyonitazama akiwa hai.

Nilifanya hivyo karibu msimu wote wa baridi. Asubuhi natembea asubuhi yake, mchana narudi, jioni kidogo kabla ya kulala. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha uji. Deo akipiga simu namshikia sikioni, anajibu kwa sauti aliyokuwa anaitengeneza kabla sijabonyeza: "Niko vizuri, si unaniona?" Na Deo anasema, "Nakuona, mama." Simu ikikatika anafumba macho na kupumua, ile sauti imemmaliza nguvu za siku nzima.

Watu wengine msibani walininong'onea kwamba nilimficha mtoto mama yake. Waninong'onee. Mimi nilimpa mtu kitanda chake, dirisha lake na ukuta wake, na nilivitembelea kwa miguu yangu yenyewe yenye baridi yabisi. Aliyetaka kufanya vingine alikuwa na njia ya kuja, hodi ilikuwa wazi.

Ila Deo mwenyewe hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Baada ya kuzika, watu wameanza kupungua, alikaa karibu nami uani kwenye benchi. Tulimzika alikotaka, kule juu kwenye misindano, pembeni ya mzee. Pete alitaka kumvisha kidoleni, nikamkatalia, ikaenda naye kwenye uzi wake. Deo alikuwa anachezea simu, ule mchoro wa nyumba, nukta inaruka huku na huku kwa sababu waombolezaji walikuwa bado ndani.

"Mama, nilijua ni wewe," akaniambia. Mimi ananiita mama pia.

"Ulijua lini?"

"Mapema tu. Nukta ilisimama kwenye kabati la vyombo muda mrefu. Siku nyingine tena. Mama yangu hajapanga vyombo tangu nizaliwe."

Ni kweli. Sikuweza kupita pale nikaona vikombe vimelaliana kama walevi nikaviacha.

"Kama ulijua, kwa nini hukuja?"

Alizima simu, akaiwasha tena. "Nilisema, angalau kuna mtu. Halafu asubuhi nyingine nikasema, labda siyo, labda kweli ni mama, amepata nafuu, amekuwa na adabu ya vyombo uzeeni." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nataka itembee tu."

Nikamvuta kichwa chake nikakiweka begani kwangu, pale pale alipokuwa analala akiwa na miezi. Mtu mzima na mvi. Alilia bila sauti, nami nilimpigapiga mgongoni kama mtoto anayecheua.

Deo alimkuta mama yake hai, hilo nalisema ili asije mtu akalisema vibaya. Aliingia jioni, bila begi, shati limekunjamana, na Mkunga alimtambua. Alimwuliza kama amekula. Hakumaliza juma baada ya hapo, na siku zote hizo mkono wake ulikuwa kichwani kwa Deo, akilala Deo kwenye kiti unabaki pale. Deo hakutaja Dar. Chumba cha mama hakukitaja hata mara moja. Alipoaga dunia, Mkunga alitoka kwa mlango wake.

Lakini Deo hajui alivyoitwa. Anadhani mimi siku hiyo niliumwa, au nilichelewa. Sikumwambia. Naliandika hapa, akilisoma na alisome.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ile baridi ya Songea ya Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Nilikuja na uji wa ulezi kwenye chupa. Nikauweka mezani, nikavua viatu, nikafunga khanga kiunoni nianze kazi. Nilikuwa nimeshashika kizingiti cha mlango wa chumba.

"Usitembee," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ameegemezwa mito, uso umepungua umebaki macho.

"Dada, nisipotembea simu yake italia."

"Ndiyo."

"Atajua hakuna mtu."

"Ndiyo, Mama Oswini. Chukua kigoda ukae."

Nikakaa karibu na kitanda. Nikamwambia kama anamtaka mtoto wake simu ipo, nampigia sasa hivi, namwekea sikioni kama siku zote. Akatikisa kichwa kidogo. Alifungua mdomo kama anataka kujaribu, nikaona kabisa anajaribu, kisha akaufunga.

"Atakuchukua," nikasema. "Si ndivyo mlivyoelewana?"

"Anichukue anipeleke wapi? Hapa nilipofika hakuna mtu anayebebwa." Akapumzika. "Hebu nyamaza sasa. Usijitingishe."

Tukanyamaza. Sijawahi kukaa tuli namna ile tangu nizaliwe, mimi mtu wa kufagia. Goti lilianza kuuma, nikaliacha liume. Pua iliwasha. Ukungu ukaondoka, jua likaingia dirishani, likashika ukingo wa sakafu ya saruji, likaanza kusogea kuelekea mguu wa kitanda. Uji ukapoa. Nje mbuzi wangu alilia, akanyamaza. Mkunga hakufumba macho. Alikuwa anatazama kile kiboksi cha ukutani kama alivyokuwa akisimama na kuku juu ya michongoma, mkono umeinuliwa, anangoja aonekane.

Jua lilipofika utosini, simu ikalia ndani ya kopo. Ililia ikachoka. Ikalia tena. Halafu ikaanza ya kwangu, kwenye pindo la khanga, inatetemeka juu ya tumbo langu kama kitu hai. Nilijua ni Deo. Nilimwona kabisa alivyosimama huko Dar na ile nyumba tupu mkononi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye fundo la khanga, na Mkunga akanishika kifundo. Mkono ule uliokuwa wa baridi maisha yote ulikuwa wa moto. Akainamisha uso wake karibu na wangu, kadiri mto ulivyomruhusu.

"Usisukume," akasema. "Tulia. Atakuja mwenyewe."

Nikauondoa mkono kwenye fundo. Simu ikalia mpaka ikaacha, na sisi wawili tukakaa pale bila kujitingisha, nyumba nzima ikawa haina mtu.